Uvimbe Uko Titini, Lakini Umetoka Wapi?

Barua za safari hii zimetoka Kisumu, Nakuru, Siaya, Kakamega na Kitale, na karibu zote zinazunguka jambo moja: saratani iliyoonekana titini lakini huenda haikuanzia humo. Waliojibu ni daktari wa upasuaji, daktari wa picha na daktari wa patholojia, yaani anayesoma nyama kwa darubini. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Hujambo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Miaka miwili iliyopita alikatwa kidonda cheusi kisiginoni, tukaambiwa ni saratani ya ngozi na imetoka yote. Sasa ana uvimbe kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa, ukubwa wa ndimu. Ukiushika unateleza, na haumuumi. Kliniki moja imesema ni uvimbe wa kawaida, turudi baada ya miezi 6. Nyingine inataka kuondoa titi wiki ijayo. Tushike lipi? – Binti, Kondele, Kisumu

Binti yetu, msishike lolote kati ya hayo mawili. Mama achukuliwe nyama kwa sindano kwanza, ndipo mtajua kama kuna titi la kukatwa.

Huo utelezi ndio unaowadanganya watu. Saratani iliyoanzia titini kwa kawaida hutoa mizizi na kuvuta nyama iliyo jirani. Ndiyo maana ngozi hubonyea, chuchu huingia ndani, na mkononi uvimbe huonekana mkubwa kuliko ulivyo kwenye picha. Saratani iliyohama kutoka kwingine huletwa mara nyingi na damu, ikatua karibu na ngozi na kukua kama gololi inayosukuma wenzake pembeni. Kwenye mamografia (eksirei ya titi) huwa duara, kingo laini, bila miiba na mara nyingi bila chembe za chokaa. Kwenye ultrasaundi huwa nyeusi na imejipanga vizuri. Kipimo cha mkononi na cha pichani hulingana. Kwa mtu asiyeambiwa habari ya kisigino, hiyo ni picha kamili ya ule uvimbe wa wasichana usio na madhara. Lakini mwanamke wa miaka 58 akiota uvimbe mpya wa namna hiyo, hauitwi wa kawaida mpaka maabara iseme.

Kidonda cheusi cha kisiginoni kilichoitwa saratani ya ngozi kina uwezekano mkubwa kuwa melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, na kwa Waafrika ndiko inakopenda kukaa: wayo, kisigino, chini ya ukucha, kiganja. Tafuteni ripoti ya zamani mthibitishe. Melanoma ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa kurukia titi, pamoja na limfoma (saratani ya seli za kinga), mapafu, ovari, figo, tezi ya shingo na tumbo. (Inayozishinda zote ni saratani ya titi moja kuhamia la pili, lakini hiyo ina hadithi yake.) Hata hivyo msiruke upande wa pili na kuamini moja kwa moja kwamba ni ile ya kisigino. Katika kila saratani 100 zinazopatikana titini, zilizohamia humo kutoka viungo vingine ni kati ya nusu na 2 tu. Aliyewahi kuugua melanoma anaweza kabisa kuota saratani ya titi lake mwenyewe, na matibabu ya hizi mbili hayafanani hata kidogo.

Sasa kuna fomu ya maabara. Tumeona fomu nyingi mno zilizoandikwa “uvimbe wa titi” na basi. Mwenye kusoma slaidi (vioo vyenye nyama) akipewa maneno hayo matatu, ataanza na vipimo vya titi, na huenda akaishia hapo. Simameni mezani mhakikishe imeandikwa kitu kama hiki: *Mwanamke, miaka 58. Melanoma ya kisigino, ilikatwa miaka 2 iliyopita. Uvimbe mpya titi la kushoto, saa 2, sentimita 3. Umeanzia titini au umehama?*

Kuhusu hiyo “saa 2”: madaktari hugawa titi kama uso wa saa, na namba inayoandikwa ni ile ambayo mshale ungeielekea, si saa za Kiswahili. Mama wa titi la kushoto mwenye uvimbe juu, upande wa kwapa, ni namba 1 au 2. Ukiigeuza kwa saa zetu unapata 8, yaani chini upande wa katikati ya kifua, na daktari wa picha atatafuta uvimbe mahali usipokuwa.

Maabara itapima alama za seli kwa rangi. Za melanoma ni S100, SOX10, Melan-A na HMB-45. Zisitegemewe mbili za kwanza peke yake, kwa sababu saratani za titi zisizo na vipokezi vya homoni wala protini ya HER2 nazo mara nyingi hushika SOX10, yaani huwa chanya, na baadhi hushika S100. Melan-A au HMB-45 ikishika, na alama za utando unaofunika viungo, zinazoitwa saitokeratini, zikakataa (zikawa hasi), hapo kuna jibu. Msitegemee rangi nyeusi pia: melanoma iliyohama inaweza kuwa nyeupe kama mafuta ya ng'ombe.

Ikithibitika ni melanoma, kuondoa titi lote hakumwongezei mama kitu. Atahitaji picha ya CT ya kifua, tumbo na kichwa, kisha dawa za mwili mzima. Upasuaji mdogo hubaki kwa uvimbe ulio peke yake, au unaopasuka na kutoa damu.

Dada yangu, miaka 49, ana tumbo lililojaa maji na vivimbe viwili kwenye titi la kulia. Ripoti ya nyama ya titi inasema: CK7 chanya, ER chanya, GATA3 hasi, PAX8 chanya, WT1 chanya. Tumeambiwa ER chanya maana yake ni saratani ya titi, aanze tembe za homoni. Hatuelewi. – Kaka, Kiamunyi, Nakuru

Tembe zisubiri, kaka. Seli ya saratani ikihama huondoka na lafudhi ya kwao, na hizo herufi ni njia ya kuisikiliza. Neno moja halitoshi kumjua mtu ametoka wapi.

CK7 haikuambii mengi. Iko titini, kwenye ovari, mapafuni na tumboni. ER ni kipokezi cha estrojeni, na saratani nyingi za titi zinacho, lakini ovari na mji wa mimba pia vinacho. Hapo ndipo aliyewashauri alipoteleza. GATA3 hushika karibu saratani zote za titi zenye ER, kwa hiyo ER chanya pamoja na GATA3 hasi ni mchanganyiko wa kushtua. (GATA3 nayo si ya titi peke yake, kibofu cha mkojo kinayo.) PAX8 ni ya ovari, mji wa mimba, figo na tezi ya shingo, na titi kwa kawaida halina. WT1 ikiongezwa juu ya PAX8 inaelekeza kwenye ovari, mrija wake au utando wa tumbo. Baadhi ya saratani za titi zenye ute hushika WT1, lakini hazishiki PAX8.

Ukijumlisha na maji ya tumboni, ripoti hii inasema ovari kwa sauti kubwa. Kinachofuata ni ultrasaundi ya nyonga au CT ya tumbo na nyonga, kipimo cha damu cha CA-125, na maji ya tumboni yakitolewa, mililita 100 au zaidi zipelekwe maabara zikatengenezewe bloku ya seli (seli zilizogandishwa kwenye nta) badala ya kumwagwa. CA-125 peke yake haiamui kitu, maana hupanda hata kwa kifua kikuu cha tumbo.

Mwambie daktari aulize swali la kinyume pia: je, ilianzia titini ikaenda kwenye ovari? Njia hiyo inapitwa sana, hasa na saratani ya titi ya aina ya lobula, inayotajwa kwa vitezi vya maziwa. Seli zake hujipanga mstari mmoja mmoja, GATA3 huwa chanya na PAX8 hasi. Kwa dada yako ni kinyume chake. Akithibitishwa ni ovari, dawa za kawaida za kuanzia ni karboplatini na paklitakseli, wala si tembe ya titi.

Jambo dogo la picha: tulisema saratani zilizohama mara nyingi hazina chembe za chokaa. Ya ovari ndiyo inayovunja sheria hiyo, kwa hiyo chokaa kwenye mamografia yake isiwarudishe nyuma.

Mke wangu ana miaka 24, ananyonyesha mtoto wa miezi 4. Matiti yote mawili yamevimba na kuwa magumu ndani ya wiki 3. Amemaliza dozi mbili za antibiotiki na bado yanaongezeka. Kliniki inataka ya tatu. – Baba Mtoto, Siaya

Ndugu, barua yako tuliijibu kwa simu kabla ya kuichapa. Wengine nao wasome.

Maambukizi ya titi la mama anayenyonyesha kwa kawaida huwa ya titi moja, yana homa na maumivu, na huanza kupungua siku ya 2 au ya 3 ya antibiotiki inayofaa. Yasipopungua, hatua inayofuata ni ultrasaundi siku hiyo hiyo. Usaha ukionekana unatolewa. Isipoonekana usaha bali nyama ngumu, inachukuliwa nyama. Dozi ya tatu haipo kwenye hesabu.

Matiti mawili kujaa kwa kasi hivyo, kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, katika eneo letu la Ziwa Viktoria, kunatufanya tufikirie limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Uganda, aliiandika mwaka 1958 kwa watoto wenye mataya yaliyovimba, na watu wengi huku bado huijua kama ugonjwa wa taya la mtoto. Kwa akina mama wa umri huu hupenda matiti na ovari. Seli zake huongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na ndiyo sababu tunahesabu siku badala ya wiki. Wapo washindani wengine: saratani ya titi ya aina ya uvimbe mwekundu, kifua kikuu cha titi, na limfoma nyingine, hasa kwa mwenye virusi vya UKIMWI. Hakuna atakayewatofautisha kwa macho.

Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kumpa prednisoloni au deksamethasoni “kupunguza uvimbe” kabla ya kuchukua nyama. Limfoma huyeyuka kwa steroidi kama hizo. Uvimbe unanywea, kila mtu anafurahi, sampuli inatoka na seli zilizokufa, na wiki mbili baadaye ugonjwa umerudi bila jina. La pili hutokea maabara. Limfoma kali ikipimwa ER, PR (kipokezi cha projesteroni) na HER2 tu, zote tatu zitakuwa hasi, na ripoti itatoka “saratani ya titi, hasi tatu”. Kwa hiyo uliza kama saitokeratini na CD45, alama ya seli nyeupe za damu, zilipimwa. Saitokeratini hasi na CD45 chanya ni ya damu, na hapo zinafuata alama za aina ya limfoma, CD20, CD10, BCL6 na BCL2, pamoja na Ki-67 inayoonyesha kasi ya seli kugawanyika. Burkitt hushika CD20, CD10 na BCL6, BCL2 huwa hasi au hafifu, na Ki-67 hukaribia 100 kwa 100.

Upasuaji wa kuondoa matiti hauna nafasi kabisa. Kabla ya dawa kuanza anapimwa virusi vya UKIMWI, kimeng'enya cha damu LDH, asidi ya yuriki, potasiamu, figo, maji ya uti wa mgongo na picha ya tumbo. Analazwa na kuwekewa maji mengi ya mshipa pamoja na alopurinoli, kwa sababu seli nyingi zikifa kwa pamoja humwaga potasiamu na asidi kwenye damu, na figo au moyo husimama. Haya hayafanyiki zahanati.

Nina miaka 71 na natibiwa saratani ya tezi dume. Sasa nina kitu kigumu nyuma ya chuchu. Imehamia hapa? – Mzee, Kakamega

Mzee wetu, inawezekana, lakini kuna jambo la kawaida zaidi. Dawa nyingi za tezi dume, bikalutamidi hasa, huotesha titi kwa wanaume. Hilo huwa kama sahani ya mpira iliyokaa katikati kabisa chini ya chuchu, hutonesha, na mara nyingi ni pande zote mbili. Ikiwa kitu chako ni kigumu kama jiwe, kiko pembeni ya chuchu au upande mmoja tu, kichukuliwe nyama. Usiache dawa zako kwa sababu yake. Kwenye fomu iandikwe tezi dume na jina la dawa, ili maabara ipime alama za tezi dume, NKX3.1 na PSA, pamoja na GATA3. Wanaume pia hupata saratani ya titi lao wenyewe.

Mimi ni afisa wa kliniki. Sampuli zangu mbili za titi zimerudi zimeandikwa “haitoshi, imeharibika”. Nakosea wapi? – Kitale

Pengine zaidi ya mahali pamoja, kwa hiyo twende polepole.

Sindano: ya nyama, geji 14, kwa kuongozwa na ultrasaundi. Sindano nyembamba ya kunyonya seli ni nzuri kwa haraka, lakini huwezi kupima alama 8 kwa seli zilizopakwa kwenye vioo viwili. Uliza dawa za kuzuia damu kuganda. Lignokaini kwenye ngozi, tundu la milimita 3 kwa wembe wa upasuaji, kisha sindano ipite sambamba na kifua, kamwe isielekezwe mbavuni. Vipande 4 hadi 6. Kinachozama kwenye formalini ni nyama; kinachoelea ni mafuta, chukua kingine. Bonyeza kwa dakika 10 ukimaliza, kwa saa, si kwa kukisia.

Chupa: mdomo mpana, na jina liandikwe ubavuni. Jina la kifunikoni huhama na kifuniko. Formalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama au zaidi, na nyama iingie humo papo hapo, isizidi saa moja. Ikae humo kati ya saa 6 na 72. Chini ya hapo katikati ya kipande hubaki mbichi na ER husoma hasi ya uongo. Zaidi ya hapo alama hufifia. Ukichukua nyama Ijumaa mchana na gari la sampuli huenda Jumanne, umeshakaribia siku 4. Fanya Jumatatu.

Formalini yenyewe: kwa lita moja, mililita 100 za formalini kali ya 37 hadi 40 kwa 100, mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya hidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile ya hidrojeni moja. Watu huacha hizo chumvi kwa kuona ni urembo. Bila chumvi formalini huwa na asidi, asidi huchota damu iliyo kwenye nyama, na slaidi hutapakaa punje za kahawia nyeusi. Fikiria punje hizo kwa mgonjwa anayeshukiwa melanoma! Spiriti ya hospitali haifai kabisa, na maji ya chumvi ni ya sampuli mbichi inayofika maabara dakika hizo hizo.

Nimeambiwa nilipie vipimo 14 vya rangi kwa mkupuo. Sina hizo pesa. Na naweza kupeleka sampuli kwingine? – Msomaji, Nyalenda, Kisumu

Vipimo 14 kwa mkupuo ni kuvua samaki kwa kumwaga ziwa. Omba vipimwe kwa awamu: kwanza 4 au 5, kwa mfano saitokeratini, GATA3, ER, CD45 na SOX10, halafu majibu ndiyo yachague awamu ya pili. Ombi moja tu liende mwanzoni: wakate vipande vya ziada visivyopakwa rangi siku hiyo hiyo, kwa sababu kila bloku (nta yenye nyama ndani) inaporudishwa kwenye mashine hupunguzwa upya ili kusawazishwa, na nyama ya sindano huisha hivyo. Kama una bloku ya saratani ya zamani, ilinganishwe na mpya kwenye meza moja. Mara nyingine kulinganisha huko kunamaliza kesi bila rangi yoyote. Kabla ya kulipa, pitia dawati la SHA (bima ya afya ya serikali) la hospitali uulize kipi kinalipiwa.

Bloku na slaidi unaweza kuomba, uziombe kwa barua. Iwe unazipeleka Eldoret, Nakuru au Nairobi, piga simu kwanza uulize kama wanapima alama unazohitaji. Hakiki namba iliyo kwenye bloku na iliyo kwenye ripoti zifanane herufi kwa herufi, kisha saini kuzichukua. Slaidi zikae kwenye kisanduku chake, bloku kwenye bahasha ngumu, na mkoba ukae mapajani mwako. Usiuweke kwenye dashibodi ya matatu: nta ya bloku huyeyuka karibu nyuzi 60, na jua la mchana la Kisumu likipita kioo cha mbele huilainisha mapema kuliko hapo. Ukifika, asaini aliyepokea, na karatasi hiyo ibaki nawe.